Haki ya mfanyakazi haikunyesha na mvua



Juma lililopita nilikwenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, hapa hapa Katindiuka, kumpelekea geti langu ambalo bawaba yake moja ilikuwa imekatika. Fundi huyo hana jengo. Ana mwembe, ana waya wa umeme uliovutwa kutoka nyumba ya jirani, ana mashine yake, na ana vijana wanne wanaomsaidia. Nilipofika, watatu walikuwa kazini. Wa nne alikuwa ameketi chini, ameegemea shina la mwembe, na amejifunga kitambaa kibichi machoni.

"Shikamoo, mzee," aliniamkia kwa kuisikia sauti yangu tu.

"Marahaba, mwanangu. Macho yana nini?"

"Moto wa mashine, mzee. Leo siku ya tatu."

Nikamuuliza fundi kama kijana huyo analipwa chochote kwa siku hizo tatu. Fundi akacheka, wala si kwa ubaya. Akasema, "Mzee, hapa ni kazi na hela. Asiyefanya kazi nimlipe kutoka fungu gani? Hizo haki za wafanyakazi unazozisema redioni ni za viwandani. Hapa si kiwanda. Hapa ni mwembeni."

Yule kijana akanigeuzia uso wake uliofungwa kitambaa, akauliza: "Na huko viwandani, mzee, hizo haki aliwapa nani?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia kwamba swali lake linataka mazungumzo marefu, na kwamba Mungu akipenda nitamjibu redioni. Basi leo namjibu yeye, na fundi wake, na ninyi wote mnaonisikiliza.

Nianze na kile chuma chenyewe ambacho kijana alikuwa akikiunga hata kikamuunguza macho. Sisi tunaziona nondo zikiwa tayari, zimepakiwa juu ya lori, tena zimepoa. Tunasahau kwamba kabla ya hapo chuma kilikuwa uji mwekundu ndani ya tanuri, na mbele ya tanuri hilo alisimama mtu. Nchi zilizotangulia kwa viwanda zilijengwa na mtu huyo. Reli, madaraja, meli na majumba marefu ya Ulaya na Marekani yote yalipita mikononi mwake.

Je, aliishi namna gani? Katika viwanda vya chuma cha pua vya Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyakazi wengi walikuwa na zamu ya saa 12, na wengi wao siku saba za juma. Tena kulikuwa na jambo baya zaidi. Kila baada ya majuma mawili waliokuwa zamu ya mchana walihamia ya usiku, na wa usiku wakahamia ya mchana. Ili zamu zibadilishane, kundi moja lilifanya kazi saa 24 mfululizo. Hebu fikirini, ndugu zangu: saa 24 mbele ya chuma kilichoyeyuka, na macho yamejaa usingizi. Walioungua na waliokufa humo walikuwa wengi, na mjane alirudishiwa maiti pamoja na shilingi chache za mazishi, kama alibahatika.

Sasa nawapeleka mahali paitwapo Homestead, karibu na mji wa Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania. Pana mto pale, Monongahela, na kando ya mto kilikuwapo kiwanda kikubwa cha chuma cha pua, mali ya tajiri Andrew Carnegie. Msimamizi mkuu wa mali zake aliitwa Henry Clay Frick. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao 3,800, lakini wanachama wa chama cha wafanyakazi hawakufika hata 1,000. Chama kile kilikuwa cha mafundi wenye ujuzi. Wale wa kubeba, wa kusukuma na wa kufagia, wengi wao wageni waliotoka Ulaya ya mashariki, hawakuwamo.

Mkataba kati ya chama na kampuni ulikuwa unakwisha tarehe 30 Juni 1892. Kampuni ilitaka kupunguza malipo, lakini shabaha yake hasa ilikuwa kukiondoa chama kabisa. Carnegie mwenyewe alikuwa amekwenda Scotland kupumzika, akamwachia Frick kazi hiyo. Frick akazungusha kiwanda ua mrefu wa mbao wenye seng'enge juu yake, kisha akafunga milango. Wafanyakazi wakawa nje.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kampuni haikulitazamia. Wale wasiokuwa wanachama, ambao chama hakikuwajali siku za amani, waliamua kusimama pamoja na mafundi. Mji mzima ukawa kitu kimoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 1892, Frick aliwaleta walinzi wa kukodi wapatao 300 wa kampuni ya Pinkerton, wenye bunduki, ndani ya matishali mawili yaliyokokotwa mtoni. Nia ilikuwa wateremke gizani, wakilinde kiwanda, ili wafanyakazi wengine waingizwe. Lakini watu wa Homestead walikuwa macho. Walikimbilia ukingoni, wanaume kwa wanawake, na kulipopambazuka risasi zikaanza kulia. Mapigano yakaendelea hadi jioni, walinzi wakasalimu amri. Watu wasiopungua 10 walikufa, wa pande zote mbili.

Mtaniuliza, basi wafanyakazi walishinda? La hasha. Baada ya siku sita gavana wa jimbo alipeleka askari kwa maelfu. Kiwanda kikafunguliwa chini ya ulinzi wao na watu wapya wakaingizwa. Mwezi Novemba mgomo ulikwisha, na chama kikavunjika. Viongozi wake walikosa kazi katika viwanda vya chuma, na saa 12 zikaendelea kama zilivyokuwa.

Ikapita miaka 27. Septemba 1919 wafanyakazi wa viwanda vya chuma wa Marekani waligoma tena, safari hii wakiwa watu wapatao 350,000. Walitaka siku ya kazi iwe ya saa nane na vyama vyao vitambuliwe. Wakashindwa tena, na mwezi Januari 1920 mgomo ukafa. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, lakini ipo moja ambayo sisi Waafrika tunapaswa kuitazama kwa makini. Vyama vingi vya siku zile viliwafungia mlango watu weusi. Mtu mweusi hakupokewa chamani, wala hakufundishwa ufundi. Basi ulipotokea mgomo, makampuni yalikwenda kuwachukua watu weusi kwa maelfu, yakawaingiza viwandani kuziba nafasi za waliogoma. Wale waliogoma waliwaita wasaliti. Nami nauliza: mtu uliyemkatalia kuketi mezani pako, utamlaumuje akila kwa jirani?

Somo lile lilichukua muda kuingia. Saa 12 zilianza kuondolewa mwaka 1923, baada ya kelele nyingi za wananchi. Mwaka 1935 Marekani ilitunga sheria iliyompa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama akipendacho, na iliyomlazimisha mwajiri kuzungumza na chama hicho. Safari hii waliokusanya wafanyakazi wa chuma waliukusanya umati wote: fundi na mbeba mizigo, mweupe na mweusi, mzaliwa na mgeni. Na tarehe 2 Machi 1937 kampuni kubwa kuliko zote, U.S. Steel, iliyokuwa imemeza viwanda vya Carnegie, ilitia saini mkataba na chama bila mgomo. Makampuni madogo yaliendelea kukataa, na tarehe 30 Mei mwaka huo huo, huko Chicago, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kampuni ya Republic Steel waliokuwa wakiandamana pamoja na jamaa zao. Watu 10 wakafa. Baada ya miaka mingine michache makampuni hayo nayo yalitia saini.

Hesabuni wenyewe. Kutoka Homestead 1892 hadi saini ya 1937 ni miaka 45. Kijana aliyerusha mawe ukingoni mwa mto akiwa na miaka 20 alikuwa mzee wa miaka 65.

Sasa natoka Marekani nakuja nyumbani, maana huenda fundi wetu anasema moyoni kwamba hayo ni ya Wazungu. Hapana. Tunayo ya kwetu, na mengine yametokea humu humu bondeni Kilombero.

Tanganyika haikuwa na matanuri ya chuma, lakini ilikuwa na bandari na reli, na huko ndiko mfanyakazi wetu alikojifunza kusimama pamoja na mwenzake. Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri na reli kuingia bara hadi watu wa kazi nyingine wakajiunga. Mwaka 1955 vyama mbalimbali viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, lililojulikana kama TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Mwanzoni mwa mwaka 1960 chama cha wafanyakazi wa reli, kikiongozwa na katibu wake mkuu Kasanga Tumbo, kiligoma siku 82. Ndugu zangu, mtu wa mshahara kukaa siku 82 bila mshahara ni jambo zito. Watu wale walikuwa wana wa wakulima kama sisi, na kilichowalisha kilikuwa mashamba ya ndugu zao na mshikamano wao.

Kisha ukaja uhuru, Desemba 1961, na hapa nawaomba tuzungumze kwa uadilifu. Serikali ya TANU ilikuwa na hoja yake, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ilisema kwamba watu wa mshahara ni wachache, na wakulima ndio wengi na ndio maskini zaidi. Kila mgomo ukiongeza mshahara wa mjini, fedha zinatoka kwa mkulima wa kijijini. Mtu aliyelima mpunga humu bondeni kwa jembe la mkono, akapigana na ngiri na mafuriko, angeielewa hoja hiyo upesi. Tena serikali haikumtupa mfanyakazi. Ilipandisha kima cha chini cha mshahara, ikatunga sheria ya kumlinda asifukuzwe ovyo, ikaanzisha akiba ya wafanyakazi.

Lakini kwa mkono wa pili ilichukua. Mwaka 1962, Kawawa mwenyewe aliyetoka katika vyama akiwa Waziri Mkuu, ilipitishwa sheria ya migogoro ya kazi iliyoweka milolongo mirefu hata mgomo halali ukawa karibu hauwezekani. Mwaka 1963 kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, Victor Mkello, alipelekwa kukaa Sumbawanga, mbali na wanachama wake. Januari 1964 askari waliasi, na katika msukosuko huo viongozi wengi wa vyama walikamatwa. Mwezi uliofuata TFL ilivunjwa, na mahali pake kikawekwa chama kimoja cha nchi nzima, NUTA, chini ya TANU. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Na wa kwanza kushika kiti hicho, Michael Kamaliza, wakati huo huo alikuwa Waziri wa Kazi. Yaani mfanyakazi akiwa na shauri dhidi ya serikali, anayempeleka ni huyo huyo anayempokea.

Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na kiburi, kuwadharau na kuwaonea watu. Wafanyakazi waliyachukua maneno hayo kwa uzito. Katika viwanda vingi waliwafungia milango mameneja wenye kiburi, na mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel huko Dar es Salaam, walimtoa mwenye kiwanda nje wakaendesha kazi wenyewe. Hatimaye serikali haikuupokea mwenendo huo wa wafanyakazi. Waliambiwa warudi kwenye mstari. Mwaka 1978 NUTA nayo ikageuzwa kuwa JUWATA, jumuiya ya chama tawala.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo chuma kilipoingia bondeni kwetu kwa wingi. Kati ya 1970 na 1975 mafundi wa Kichina na vijana wa Kitanzania na Kizambia walitandika reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba kabla ya kupanda milima. Vijana wengi wa bonde hili walipokea mshahara wa kwanza wa maisha yao katika kazi hiyo. Na huko Kidatu kulikuwa na kiwanda cha sukari, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mitaji ya kigeni, kisha baada ya Azimio la Arusha kikawa mali ya umma.

Mali ya umma. Maneno hayo nawaomba myashike, kwa sababu ndiyo yanayofanya kisa cha Kidatu kiume zaidi ya kile cha Homestead.

Julai 1986 wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero waligoma wakidai malipo yao. Ulikuwa wakati mgumu. Bei zilipanda, shilingi ilishuka, mshahara haukufika mwisho wa mwezi. Mwenye kiwanda hakuwa Carnegie. Alikuwa ni sisi wenyewe, serikali yetu. Chama cha kuwasemea kilikuwapo, JUWATA, nao walikatwa ada kila mwezi kwa ajili yake, lakini kilikuwa mkono wa chama tawala kilekile kilichoongoza serikali. Hivyo katikati ya wafanyakazi na mwajiri wao hapakuwa na mtu aliyesimama upande wao. Waliopelekwa kuzungumza nao walikuwa askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Risasi zilifyatuliwa. Wafanyakazi wakafa, wengine wakajeruhiwa, katika ardhi ya miwa waliyoambiwa ni yao.

Nimelitafakari jambo hili miaka mingi. Wako watu wanaotafuta wa kumlaumu: askari aliyefyatua, mkubwa aliyeamuru, kijana aliyerusha jiwe. Nisemalo mimi ni hili. Mahali ambapo mfanyakazi hana chombo chake mwenyewe cha kumsemea, kilichochaguliwa naye, kisichomwogopa mwajiri wala kula naye sahani moja, madai yake hayana njia ya kupita. Maji yakikosa mfereji hubomoa nyumba. Homestead walikuwa na chombo, mwajiri akakivunja. Kidatu chombo kilikuwapo kwa jina, lakini hakikuwa chao. Mwisho wa yote mawili ulikuwa bunduki. Wala haikusaidia kitu kwamba mwajiri wa Kidatu alikuwa ndugu yetu.

Baada ya hapo mambo yalianza kubadilika, polepole. Mwaka 1991 JUWATA iliondoka, ikaja OTTU. Mwaka 1998 ilitungwa sheria mpya iliyoruhusu vyama vingi vya wafanyakazi vilivyo huru, na mwaka huo huo kiwanda cha Kilombero kilibinafsishwa, serikali ikibaki na hisa chache. Mwaka 2004 ikatungwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Sheria hiyo inamruhusu mfanyakazi wa Tanzania Bara kujiunga na chama akitakacho. Inaweka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Inakubali mgomo, ikiwa kwanza pande mbili zimepelekwa kwenye usuluhishi na kushindwa kuelewana, wafanyakazi wamepiga kura, na mwajiri amepewa taarifa ya saa 48. Katika miaka ya 2010 wafanyakazi wa TAZARA waligoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara ya miezi kadhaa ambayo walikuwa hawajalipwa. Treni zilisimama, abiria wa Ifakara na Mlimba wakahangaika, wengine wakawalaani. Niliwaelewa wale abiria. Lakini nilijiuliza pia, ni nani kati yetu angeendesha treni miezi mitano kwa ahadi?

Sasa narudi mwembeni.

Fundi wangu, uliniambia haki ni za viwandani na hapo kwako si kiwanda. Nakujibu kwa heshima. Sheria ya 2004 haikuuliza kama mtu anafanya kazi chini ya bati au chini ya mwembe. Inauliza kama ameajiriwa. Tena ipo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015, kwa ajili ya mtu anayeumia kazini kama kijana wako. Mwajiri huchangia, na aliyeumia hutibiwa na kulipwa. Najua utaniambia kwamba wewe mwenyewe ni maskini, kwamba umeme umepanda, kwamba mteja anataka geti kwa nusu ya bei, na mimi ni mmoja wa wateja hao. Ni kweli. Ndiyo maana nasema haki ya kijana wako inaanzia hata kwangu mimi ninayebishana nawe bei ya bawaba.

Nanyi ndugu zangu mlio ndani ya vyama, mnaovaa fulana na kofia siku ya Mei Mosi na kupita mbele ya jukwaa, nawaomba mtazame nje ya uwanja. Humu bondeni wengi wanaofanya kazi kwa ujira hawamo katika vyama vyenu. Wako vibarua wa kukata miwa wanaokuja msimu na kuondoka. Wako wa kupakua mpunga kwenye mashine za kukoboa, wanaolipwa kwa gunia. Wako vijana wa deiwaka kwenye ujenzi. Mkiwaacha nje, siku mtakapokuwa na shauri lenu, mwajiri atakuja kuwachukua hao hao, na hamtakuwa na haki ya kuwaita wasaliti. Mwaka 1892 watu wa Homestead waliosahauliwa walikubali kusimama na mafundi, na hata hivyo walishindwa. Mwaka 1919 waliosahauliwa waliletwa kuziba nafasi. Mwaka 1937 walikuwa wamo ndani tangu mwanzo, na tajiri akatia saini. Hilo si jambo la kuhitaji mwalimu.

Nawe kijana wangu uliyejifunga kitambaa. Uliuliza, haki hizo aliwapa nani? Hakuna aliyewapa. Haki haikunyesha na mvua ya masika, ikaokotwa asubuhi kama kumbikumbi. Walioipata waliishika kidogo kidogo, baba akashindwa, mtoto akaanza tena, mjukuu akatia saini. Wengine walikufa Homestead, wengine Chicago, na wengine hapo Kidatu, mwendo mfupi tu kwa treni kutoka hapo ulipoketi. Nawe si mgeni wa habari hii. Nondo unayoiunga imetoka kwa watu hao.

Jana nilikwenda kuchukua geti langu. Kijana alikuwa amerudi kazini, macho bado mekundu. Alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea, ya zamani, kioo kimoja kimepasuka pembeni. Nilimuuliza fundi kama ameinunua yeye. Akaniambia ameazima kwa fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, na kwamba wanazungumza, mafundi watano sita wa Katindiuka, wachange wanunue za kutosha vijana wao wote. Hakuniahidi zaidi ya hapo, wala sikumdai. Nilimlipa bei aliyoitaja mwanzo.

Kwa leo naishia hapo, ndugu wasikilizaji. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.